Kidirisha cha Mama Mkwe

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, kompyuta ya kaunta ya dawa hospitalini iliganda kwa mara ya tatu tangu milango ifunguliwe. Foleni ilikuwa imeshatoka ukumbini na kupinda kuelekea vyooni. Dada Mkubwa, msimamizi wa kaunta, akasukuma kipanya kushoto, akakisukuma kulia. Mshale wa kwenye skrini ukasogea kidogo, ukakwama. Akabonyeza herufi, akabonyeza namba, hakuna kilichobadilika. Kilichoonekana ni namba ya foleni tu, kumi na tisa, kubwa, nyekundu, katikati ya skrini, na mwenye namba hiyo alikuwa amesimama mbele yake na mtoto mgongoni, anamtazama kama mtu aliyekuta duka limefungwa mchana.

"Imegoma tena?" akauliza Chapuchapu kutoka kwenye rafu, alikokuwa akihesabu vidonge. Jina hilo alipewa na wagonjwa kwa sababu mikono yake haikujua kupumzika, naye alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi.

"Ipe dakika."

"Tunaipa dakika tangu asubuhi, dada." Chapuchapu akaja, akaitwanga kibodi kwa vidole vyote kumi, akangoja, hakuona kitu. Akainama chini ya meza akachomoa plagi. Skrini ikawa nyeusi. Kuiwasha tena kulichukua dakika sita, na kila mtu kwenye foleni ile alikuwa amekwisha kuzijua dakika hizo sita kwa urefu wake.

Ndipo Daktari Mkuu alipopita. Watu kama yeye hawapiti mambo yakiwa shwari. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na upole wake ndio uliokuwa ukiogopwa.

"Mama," alimwambia Dada Mkubwa, mbele ya foleni nzima, "hebu nieleze. Hii programu ya mwanao inamtibu nani?"

Wachache wakacheka. Hawakuwa na ubaya, ila mtu aliyesimama tangu alfajiri hucheka chochote kile. Dada Mkubwa akaendelea kuitazama skrini. Alikuwa na miaka ishirini na sita kwenye kaunta hiyo, amewaona madaktari wakuu saba wakija na kuondoka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumfanya achekwe.

"Nimevumilia wiki sita," Daktari akaendelea. "Ijumaa saa mbili mje ofisini kwangu, wewe na binti yako. Kile kidirisha kinachofunga kila kitu kiondolewe, au programu nzima iondoke turudi kwenye daftari. Na wewe kama mkubwa wa kaunta uniletee maelezo kwa mkono wako. Inafaa au haifai, basi."

Akaenda zake. Kompyuta ikaamka, namba nyekundu ikarudi katikati ya skrini, na Dada Mkubwa akasema "kumi na tisa" kwa sauti ya kawaida kabisa. Hiyo sauti ya kawaida ilimgharimu.

Kidirisha chenyewe wahudumu walikwisha kukibatiza jina: Mama Mkwe. Kilitokea pale tu mgonjwa alipokuwa mtoto, kikauliza jambo moja, uzito wake. Kikishatokea, hufanyi kingine. Kipanya hakitoki nje yake, kibodi haiandiki mahali pengine, hata uwe na haraka ya namna gani. "Mama mkwe akiingia nyumbani," Chapuchapu alisema siku ya kwanza, "unaacha ulichoshika, unamsikiliza yeye." Wakacheka sana. Ajabu ni kwamba wiki za karibuni Mama Mkwe alikuwa haonekani tena, na badala yake kukaja huu ugonjwa wa kuganda. Daktari Mkuu na kila mtu pale waliona dhahiri kwamba kidirisha kimeharibika, na kimeiharibu kompyuta nzima.

*

Jioni hiyo, sebuleni, mume wa Dada Mkubwa alikuwa amekaa nyuma ya cherehani yake, sare za shule zimemzunguka mpaka magotini. Binti yao alikuwa sakafuni, kompyuta yake mapajani. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na programu ile ilimchukua mwaka mzima. Hospitali mbili nyingine zilikuwa zimesema zitaichukua kama hii ya kwanza itaikubali. Mama mtu akawaeleza yote, isipokuwa kicheko. Hicho alikimeza.

"Kiondolewe?" Binti akasema. "Mama, kile kidirisha ndiyo programu yenyewe. Vingine vyote ni mapambo."

"Nieleze na mimi wa cherehani," akasema Baba. "Kinafanya nini hasa, hata kiletewe kesi?"

"Dozi ya mtoto inatokana na uzito, Baba. Sasa mtoa dawa anaulizwa na watu sita kwa mpigo. Anabonyeza hapa, anaitwa kule, swali la uzito analiruka, anasonga mbele. Kidirisha hakimruhusu kuruka. Anajibu, ndipo anaachiwa."

"Mama yangu alikuwa hivyo hivyo."

"Ndiyo maana wakakipa jina," akasema Dada Mkubwa.

"Na wewe hukulikataa."

"Ningelikataaje? Kilipojitokeza tu nikasema karibu mama." Wakacheka wote watatu, na kwa dakika moja Ijumaa ikawa mbali.

Baba akainua sindano. "Nitungie uzi, bibie."

"Mikono yangu ina mafuta."

Baba akaitazama mikono ya mkewe, mikavu, imelala mapajani. Alivaa miwani yake, akatunga mwenyewe, na ilikuwa mara ya nne mwezi huo.

"Nimeijaribu hapa mara arobaini," Binti akasema huku macho yakiwa kwenye skrini. "Haigandi. Kidirisha kinakuja, ninajibu, kinaondoka. Kuna kitu tu wanakosea kutumia."

Cherehani ikanyamaza.

"Wanaokosea ni akina nani?" akauliza Dada Mkubwa, taratibu. "Anayekaa mbele ya ile kompyuta kuanzia saa mbili mpaka saa kumi ni mimi."

"Mama, sikuwa na maana hiyo."

"Najua hukuwa nayo. Lakini ndiyo uliyoisema."

Aliondoka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikwisha kuoshwa. Kilichomuuma zaidi hakukisema hata kwa ukuta. Mara kadhaa, baada ya Chapuchapu kuitwanga kibodi, kompyuta ilifunguka yenyewe na kutoa lebo ya dozi ya kichaa, vijiko vinne kwa mtoto anayenyonya. Yeye alikuwa akizifuta lebo zile kwa kalamu na kuandika dozi anayoijua kichwani. Hakumwambia binti yake. Mtoto ametengeneza kitu chake cha kwanza duniani, utamwambia kimerukwa na akili?

*

Jumatano asubuhi Binti alikwenda hospitalini akakae nyuma ya mama yake na kutazama. Mlinzi wa ukumbini akamtazama yeye na mkoba wake.

"Wenye wagonjwa, benchi la kule."

"Sina mgonjwa, baba. Mimi ndiye niliyetengeneza programu ya dawa."

"Ile inayoganda?" Mlinzi akaonyesha benchi kwa kidole. "Basi kaa pale mpaka karani wa Daktari aniletee ruhusa."

Alikaa saa moja na nusu, kati ya mzee mwenye mguu wa bandeji na mama aliyekuwa akimbembeleza mtoto. Kutoka kaunta, Dada Mkubwa aliona umbo lake, mkoba umepakatwa, mgongo umenyooka, na moyo ukamchemka. Asingeweza kuinuka, foleni ilikuwa na watu sitini. Aliyeinuka ni Chapuchapu.

"Mzee," alimwambia mlinzi, "huyu ndiye mwenye Mama Mkwe. Ukimweka benchi leo, kesho utakuja kuhesabu vidonge wewe." Akamshika Binti mkono, na njiani akamnong'oneza, "Na mimi ndiye ninayechomoa plagi, mwanangu, tusije tukadanganyana. Sina njia nyingine."

Binti akapewa kiti cha plastiki nyuma ya mama yake. Alitazama mikono, hakutazama skrini. Aliona jinsi mama yake anavyopokea cheti cha dawa, anavyokisogeza mbali, anavyokirudisha karibu, na anavyoinama mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Namba thelathini na moja alikuwa mtoto. Dada Mkubwa akaandika jina, akaandika umri, akabonyeza, na kompyuta ikaganda.

"Haya, umeona," akasema Chapuchapu, akaanza kuinama.

"Shangazi, usiguse. Mama, zungusha kipanya. Taratibu."

Mshale ukaenda kulia, ukakwama. Ukashuka, ukakwama. Ukaenda kushoto, ukakwama. Binti akaweka kidole kwenye kioo akaufuata ule mshale kila ulipogota, na kidole chake kikachora mstatili mdogo, katikati kabisa, ndani ya ile namba kubwa nyekundu.

"Kipo," akasema. "Mama Mkwe yupo hapa hapa. Yuko chini ya namba."

Akanyoosha mkono juu ya bega la mama yake, akamuuliza mwenye mtoto uzito ni kiasi gani, akabonyeza moja, akabonyeza mbili, akabonyeza kitufe cha kukubali, bila kuona anachokiandika. Kompyuta ikafunguka. Lebo ikatoka, dozi ya kilo kumi na mbili, sawasawa kabisa.

"Kisanduku cha namba mimi nilikiweka kule pembeni, kidogo," Binti akasema. "Nikakiamuru kisifunikwe na kitu chochote, ili namba ionekane wakati wote. Nani amekikuza akakileta katikati?"

Chapuchapu alimtazama Dada Mkubwa. Dada Mkubwa alitazama cheti kilichokuwa mkononi.

"Nilikikuta hivyo," akasema.

Binti akauona mgongo wa mama yake ukikakamaa. Hapo ndipo alipoelewa, yote kwa pamoja, sindano, na vyeti vinavyosogezwa mbali na karibu, na mafuta ambayo hayakuwepo mikononi. Akasema, "Sawa, Mama," na hakuuliza tena.

*

Mchana walikaa kwenye ngazi za nyuma, mahali wafagiaji wanapoanika matambara. Dada Mkubwa ndiye aliyeanza.

"Nilikikuza mimi. Nilikuwa sizioni namba. Nikaita watu mara mbili kwa namba zisizo zao, mmoja akanijia juu. Nikaona bora niikuze ile namba kuliko kwenda kupimwa."

"Kwa nini hukusema, Mama?"

"Mtoa dawa asiyeona lebo wanampeleka stoo ya mashuka. Nimewaona walivyompeleka aliyenitangulia. Alikunja mashuka miaka mitatu, akastaafu, hakuna aliyemuaga." Akakunja tambara lililokuwa karibu naye. "Na nilidhani nimekuharibia kitu chako, nikaona haya."

"Hukuharibu kitu. Ulihitaji kuona, mimi sikukupa herufi kubwa, ukajitafutia mwenyewe. Nilitengeneza vitu viwili, kila kimoja nikakiambia wewe ndiye mkubwa. Kimoja kisifunikwe, kingine kisizungukwe. Sikuwahi kufikiria watakutana."

"Basi tulikuwa wajinga wawili."

"Mimi zaidi," akasema Binti.

Ndipo Dada Mkubwa akamweleza habari ya lebo za kichaa. Binti alisimama ghafla, uso umembadilika. Kila pigo la kibodi lilikuwa likiingia ndani ya kidirisha ambacho hakuna aliyekiona. Chapuchapu akitwanga, alikuwa anaandika uzito wa mtoto. Siku hiyo na Alhamisi yote walifungua maboksi ya vyeti, mama akisoma kwa kuvisogeza kwenye mwanga wa dirishani, binti akiandika. Walipata kumi na moja. Mtoto wa miezi minane, kilo themanini na nane. Mtoto wa mwaka mmoja, kilo sitini na sita. Kila cheti kilikuwa na lebo iliyobandikwa pembeni, na kila lebo ilikuwa na mstari wa kalamu ya bluu, na dozi sahihi imeandikwa juu yake kwa mwandiko wa Dada Mkubwa. Kumi na moja zote. Binti alizihesabu mara tatu, kisha akalia, na mama yake akamwacha alie.

*

Ijumaa saa mbili kamili walikuwa ofisini, wao wawili na Chapuchapu. Karani aliwaletea viti viwili tu, kwa hiyo Binti akasimama. Mezani palikuwa na bahasha.

"Shikamoo, Daktari," akasema Binti.

"Marahaba. Mama, maelezo yako."

"Naomba nitangulie mimi," akasema Binti. "Hali ni mbaya kuliko mnavyodhani."

Chapuchapu alimvuta kanga kidogo kwa nyuma, kumwonya. Mtu anayekwenda kujitetea hasemi hivyo. Lakini Binti aliweka vyeti kumi na moja mezani, kimoja kimoja, na akaeleza yote: kidirisha kilichofichika, kibodi iliyotwangwa, kilo themanini na nane. Daktari Mkuu alivaa miwani, akasoma, na ule upole ukamtoka usoni.

"Dawa hizi zilitolewa?"

"Hakuna hata moja iliyotolewa ilivyoandikwa. Mama alizifuta zote. Mashine ilikosea mara kumi na moja, yeye hakukosea hata mara moja."

Dada Mkubwa alitazama sakafu. Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kuisema kazi yake namna hiyo mbele ya mkubwa, na alikuwa hajui uso wake aupeleke wapi.

"Nani alikikuza hicho kisanduku?" akauliza Daktari.

"Kosa ni la aliyetengeneza. Kitu kinachozuia vingine vyote hakipaswi kufichika, na nilipaswa kulijua hilo."

"Sikuuliza kosa ni la nani."

Binti akafunga mdomo. Dada Mkubwa aliyaona mashuka, marundo kwa marundo, chumba kisicho na dirisha. Kisha akainuka kwenye kiti chake.

"Ni mimi, Daktari. Macho yangu yamepungua. Niliificha habari hiyo, nikakikuza kisanduku ili nione. Binti yangu anajua, na angesimama hapa mpaka jioni asikutajie jina langu. Kwa hiyo nakutajia mwenyewe."

Daktari Mkuu akavua miwani. "Kitengo cha macho kiko ghorofa ya chini ya miguu yako, Mama."

"Najua."

"Uende leo." Akasukuma vyeti pembeni. "Sasa jambo limekuwa jepesi. Binti, kiondoe hicho kidirisha, kila mtu arudi kazini."

"Nitakirekebisha kisifunikwe na chochote," akasema Binti. "Kikatae uzito usioendana na umri. Nitaweka na kitufe cha kumrudisha mtoto kwenye mizani, kama hakupimwa. Herufi zote zitakuwa kubwa. Lakini kukiondoa, sikiondoi."

"Sikukuomba ushauri."

"Najua, Daktari. Ukitaka programu ambayo swali la uzito linaweza kurukwa, tafuta fundi mwingine. Yangu nitaichukua leo, niende nayo nyumbani."

Dada Mkubwa alisikia hofu na fahari vikimpanda kifuani kwa pamoja, na fahari ikafika kwanza. Mtoto huyu aliyemzaa yeye, aliyekuwa akiogopa kuagiza chumvi dukani, amesimama bila kiti mbele ya Daktari Mkuu, anakataa.

Akafungua mkoba akatoa karatasi yake. Aliishika mbali, mkono wote umenyooka, ili aweze kuisoma, na safari hii hakujali nani anamwona.

"Maelezo yangu ni mafupi," akasema. "Kwa siku tunahudumia watu mia mbili. Kila anayefika anataka yake kwanza, na ana haki. Simu inalia, nesi anaita, na wewe Daktari unapita unauliza. Tangu nianze kazi hapa hakuna mtu aliyewahi kuniambia, maliza hili kwanza. Kidirisha hiki kinaniambia hivyo. Kinafaa." Akaikunja karatasi. "Nimetia saini."

Chapuchapu, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema, "Na mimi naiacha plagi."

Daktari Mkuu aligusa bahasha. "Barua ya kusitisha hii. Jumatatu nitasimama pale kaunta mwenyewe, nione. Ikiganda mara moja, naitia saini."

*

Jumatatu, Dada Mkubwa alivaa miwani ya zamani ya mumewe, kikono kimoja cha miwani kimefungwa kwa uzi mweusi wa kushonea, mpaka yake itakapokuwa tayari. Mumewe alikuwa ameukaza uzi huo asubuhi kwa mikono yake, akaipima miwani masikioni mwa mkewe kama anayepima kola, na hakutania hata kidogo. Namba ya foleni ilikuwa pembeni, mahali pake. Binti alisimama karibu na rafu. Tangu Ijumaa alikuwa hajala kitu cha maana. Daktari Mkuu alisimama nyuma ya kiti, bahasha mkononi.

Namba nne alikuwa mtoto. Mama Mkwe akajitokeza katikati ya skrini, juu ya kila kitu, na kila kitu nyuma yake kikafifia. Uzito wa mtoto?

"Kama kumi hivi," akasema mama wa mtoto.

"Alipimwa leo?"

"Mizani ilikuwa na watu. Lakini ni kumi, namjua mwanangu."

Watu nyuma wakaguna. Zamani Dada Mkubwa angeandika kumi. Sasa alibonyeza kitufe kipya, na mama yule akaenda kwenye mizani huku ananung'unika, akarudi kimya na karatasi. Kilo saba.

Daktari Mkuu akaichukua ile karatasi, akaisoma, akaitazama lebo iliyotoka. Mtoto wa tano akaja, wa tisa, wa kumi na nne. Ilipofika saa nne kompyuta haikuwa imeganda hata mara moja. Daktari akaichana bahasha kati, akaitupa kwenye ndoo chini ya meza, na Chapuchapu akaanza kuhesabu vidonge kwa nguvu isiyo ya lazima.

Daktari alikuwa anageuka kuondoka pale mlango wa pembeni ulipofunguliwa. Akaingia bwana mmoja mnene wa shati jeupe, na nyuma yake mtu wa kumshikia simu. Hakutazama foleni. Alimpa Daktari mkono, akamnong'oneza, na Daktari akampokea cheti chake, akakiweka kaunta juu ya cheti cha mtu mwingine.

"Mama, mhudumie huyu kwanza. Ana safari."

Mbele ya kaunta alikuwa amesimama bibi mmoja na mjukuu wake, namba ishirini na sita. Kidirisha kilikuwa wazi, kinangoja. Mkono wa Dada Mkubwa, kwa mazoea ya miaka ishirini na sita, ukakisukuma kipanya uende kumfungulia ukurasa yule mkubwa. Mshale ukafika ukingoni mwa kidirisha ukagota. Akausukuma tena, ukagota. Akauondoa mkono wake juu ya kipanya.

Foleni yote ilikuwa inatazama. Bibi alikuwa ameshaanza kurudi nyuma, kama watu wa namna yake walivyozoea kurudi nyuma. Dada Mkubwa akamwashiria asiondoke, akakitoa kile cheti cha juu, akakiweka kando kwa heshima. Kisha akageuka kwenye kiti, akamtazama Daktari Mkuu kupitia miwani iliyofungwa uzi, na akasema kwa ile sauti yake ya kawaida, iliyosikika mpaka benchi la mwisho:

"Subiri kidogo, Daktari. Mwanangu hajamaliza kuuliza."

Na Daktari Mkuu akasubiri.